Kuchachusha unga wa uji ili kupunguza sumu ya kuvu

Mahindi ya masika huku Magharibi mwa Kenya huvunwa Julai na Agosti, wakati mvua ya alasiri bado haijakata. Wenzetu wa Kitale na Nakuru huvuna kuanzia Oktoba na kwa kawaida hupata jua, ingawa mvua za El Niño za mwisho wa 2023 ziliwakuta wengi wao mahindi yakiwa bado shambani. Popote ulipo, nafaka ikikaa na unyevu huota kuvu, na kuvu huacha sumu ndani ya punje. Sumu hiyo hainuki, haina ladha, na moto wa jikoni hauiui. Ugali uive vipi, sumu inabaki.

Bakteria wale wale wanaouchachusha uji wa bibi zetu wanaweza kuipunguza. Hapa nitaeleza namna ya kuwatumia nyumbani, hatua kwa hatua. Ila nitumie nafasi hii ya mwanzo kusema jambo ambalo watu hupenda kuliruka: uchachushaji hauokoi mahindi yaliyooza. Unapunguza sumu iliyobaki ndani ya mahindi ambayo tayari umeyakausha, umeyachambua na unayaona mazuri. Ukianza na mahindi mabaya, utapata uji mchachu wenye sumu.

Unapambana na nini

Kuna sumu mbili za kujua. Aflatoksini hutoka kwa kuvu ya kijani na manjano iitwayo Aspergillus, ambayo hupenda joto na hushambulia sana mmea uliopigwa na kiangazi, kisha huendelea ghalani. Ndiyo iliyoua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua Ukambani mwaka 2004. Kidogo kidogo, kwa miaka, huharibu ini na kuleta saratani, na mtu mwenye homa ya ini aina ya B yuko hatarini mara nyingi zaidi. Kwa watoto inahusishwa na kudumaa. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Kisumu ya zamani na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta uhusiano kati ya unga wenye aflatoksini na watoto waliokonda. Hawa ni watoto wa uji, wa miezi ya kuanza kulishwa. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu uji kuliko chochote kingine.

Ya pili ni fumonisini, ya kuvu ya Fusarium. Hii ndiyo utaikuta zaidi kwenye nyanda zetu za Magharibi. Gunzi huwa na ukungu mweupe au wa waridi, na punje nyingine huwa na mistari myeupe inayotawanyika kutoka kwenye kilele cha punje. Tofauti yake kubwa na aflatoksini, kwa kazi yetu ya jikoni, ni kwamba fumonisini huyeyuka kwenye maji. Kumbuka hilo, tutalitumia.

Kiwango kinachoruhusiwa Kenya kwa aflatoksini zote ni mikrogramu 10 kwa kilo, na 5 kwa ile kali zaidi, B1. Kwa macho huwezi kuipima. Mahindi safi machoni yanaweza kuwa nayo, na ni maabara tu itakayokuambia.

Hatua ya kwanza: kausha, kisha pima kwa chumvi

Anika juu ya turubai au jukwaa, usianike juu ya udongo. Tandaza kwa unene wa vidole viwili, geuza kila baada ya saa moja au mbili, na wingu likianza kupanda kutoka ziwani funika kabla tone la kwanza halijaanguka. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kung'ata punje kwa meno kunakuambia imekauka au bado mbichi kabisa, lakini hakukuambii kama ni 13 au 16, na hapo ndipo kuvu inapopata nafasi.

Chukua chupa kavu ya kioo ya mililita 750. Weka chumvi ya mezani uliyoikausha vizuri, ijae kama robo ya chupa. Ongeza punje za mahindi zilizopoa, kiasi hicho hicho au zaidi kidogo, kutoka sehemu mbalimbali za turubai. Funga, tikisa kwa dakika moja, iache ipumzike dakika kumi na tano, kisha itazame kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imegandamana kwenye kioo na kwenye punje, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Ikiteleza chini yote na kioo kikabaki safi, uko chini ya 15. Hapo ongeza siku moja ya jua kali ndipo uhifadhi.

Jua likikataa kabisa, ulizia kwenye ghala la NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, lililo karibu nawe au kwenye chama cha ushirika kama kuna mashine ya kukausha. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na gunia zima lililoharibika.

Kuhifadhi kuna jambo moja tu la kusema: mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye karatasi mbili za nailoni ndani ya gunia, ni kitu kizuri sana kwa mahindi makavu na ni balaa kwa mahindi mabichi.

Hatua ya pili: chambua punje kwa punje

Ukifanya hatua moja pekee kati ya hizi, fanya hii. Sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje chache zilizoshambuliwa hubeba karibu sumu yote, na maelfu ya punje nyingine huwa safi au karibu safi. Ukiziondoa zile chache, umeondoa mzigo mkubwa kwa mikono yako mitupu, na hakuna bakteria atakayekufanyia kazi kubwa kama hiyo.

Anza na magunzi kabla ya kupukusa. Gunzi lenye ukungu liweke kando lote, usijaribu kukata kipande kibaya ukabaki na kizuri. Ukishapukusa, pepeta, kwa sababu vumbi, vipande vilivyovunjika na makapi ndivyo vyenye sumu nyingi. Halafu mimina kwenye ungo, gorogoro moja (mkebe wa kupimia wa kama kilo mbili) kwa wakati mmoja, ukae mahali penye mwanga. Toa zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zenye mistari myeupe na zilizoota. Toa pia nyepesi: mimina punje kwenye beseni la maji, zinazoelea zitupe. Hizi za kwenye maji lakini ni zile za kutumia siku hiyo hiyo, kwa sababu kuyalowanisha mahindi ya kuhifadhi ni kuharibu kazi yote ya jua.

Sokoni utaona marundo mawili. Uliza la bei ya chini.

"Mama, hii nayo?"

"Hiyo ni ya kuku, kastama. Lakini kuna wenye hununua ya uji, wanasema itachacha tu, haionekani."

Nimesikia maneno kama hayo zaidi ya mara moja, na yananiumiza kila mara. Uji wa mtoto ndio unaostahili rundo la kwanza. Kama pesa haitoshi kwa mahindi yote mazuri, nunua gorogoro moja zuri liwe la mtoto, na usilichanganye na mengine hata mkisaga siku moja.

Hapo hapo, neno kuhusu unga wa mchanganyiko. Wengi hupeleka kwenye mashine mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu na omena, vyote vikasagwa pamoja, eti mtoto apate nguvu. Njugu ni miongoni mwa vyakula vinavyobeba aflatoksini zaidi, na mafuta yake pamoja na ya omena huufanya unga uharibike upesi. Saga nafaka peke yake. Njugu zichambue moja moja, zitwange kidogo kidogo siku ya kutumia, uziongeze ujini. Wimbi kwa kawaida huwa na sumu hizi kidogo kuliko mahindi, kwa hiyo ongeza sehemu ya wimbi upunguze ya mahindi.

Hatua ya tatu: koboa, kisha saga kidogo

Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini cha punje. Kukoboa kunaweza kuondoa karibu nusu ya aflatoksini, wakati mwingine zaidi. Najua unga wa kukobolewa hupoteza sehemu ya virutubishi, na sipendi kumwambia mzazi atupe chakula. Lakini kwa mahindi yaliyovunwa kwenye mvua, naona bora ukoboe, virutubishi uvirudishe kwa wimbi, maharagwe, mboga na yai. Pumba iliyotoka usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu aflatoksini hupita mwilini mwake ikatokea kwenye maziwa, na maziwa hayo atayanywa mtoto yule yule.

Saga unga wa wiki moja au mbili tu.

Hatua ya nne: tengeneza chachu

Sasa bakteria wenyewe. Tunaowataka ni bakteria wa asidi laktiki, jamii ile ile inayogandisha maziwa lala na mursik. Wanafanya mambo mawili. Kwanza hula sukari ya unga na kutoa asidi, na asidi hiyo huzuia vijidudu vya kuharisha visiote. Pili, ukuta wa nje wa bakteria hushika sumu, hasa aflatoksini B1, kama unga unavyonata kwenye mkono uliolowa. Sumu iliyoshikwa hupita tumboni ikatoka chooni, na inayoingia kwenye damu hupungua.

Jambo lenye faida kubwa kwetu ni kwamba ukuta huo hushika hata bakteria akiwa amekufa. Majaribio ya Ufini miaka ya 1990, kwa aina iitwayo Lactobacillus rhamnosus GG, yalionyesha kwamba bakteria waliochemshwa waliendelea kuishika aflatoksini. Kwa hiyo kuuchemsha uji hakuharibu kazi. Lakini majaribio hayo hayo yalionyesha mipaka: kushika nusu ya sumu kulihitaji bakteria zaidi ya bilioni moja kwa kila mililita, na kunata kwenyewe si kwa kudumu, sehemu ya sumu huachiliwa tena. Aina nazo hutofautiana sana, hii hushika vizuri, ile karibu haishiki kitu. Kwa hiyo chachu ya nyumbani inapunguza, kiasi gani hutajua bila maabara, na cha kufanya ni kuwapa bakteria nafasi ya kuwa wengi iwezekanavyo.

Kwa fumonisini pia kuna matumaini. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta unga wa mahindi uliochachushwa kwa bakteria hawa kwa siku nne ukipoteza zaidi ya nusu ya fumonisini B1 iliyoweza kupimwa. Jirani zetu Uganda nao wamejaribu Lactobacillus rhamnosus yoba 2012 kwenye kinywaji cha mahindi kiitwacho kwete, na aflatoksini ikapungua.

Kutengeneza chachu, fanya hivi:

1. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kidole kiweze kukaa ndani bila kuungua. Usitumie maji uliyotia dawa ya klorini, maana klorini inayoua vijidudu vibaya huua na hawa.

2. Kwenye ndoo safi ya plastiki ya chakula au chungu, changanya kikombe kimoja cha unga wa wimbi na vikombe viwili vya maji hayo. Naanza na wimbi kwa sababu huchacha vizuri. Sufuria ya aluminiamu haifai, asidi huila.

3. Ongeza vijiko viwili vya maziwa lala ambayo hayajatiwa sukari wala ladha, au mtindi wenye bakteria hai. Ukikosa, acha tu, bakteria wa kwenye nafaka wataanza wenyewe, ila watachukua siku mbili au tatu.

4. Funika kwa kitambaa safi na kifuniko kilicholegea. Weka mahali penye joto. Kisumu, juu ya kabati kunatosha. Nakuru, ambako usiku ni baridi, weka karibu na jiko au ifunge kwa blanketi.

5. Kesho yake chukua vijiko vitatu vya rojo hiyo, weka kwenye unga na maji mapya kwa vipimo vile vile, hiyo ya kwanza mwaga. Rudia mara tatu au nne. Rojo ya siku ya kwanza huwa na vijidudu vya kila aina, na kila ukihamisha, wale wa asidi laktiki huongezeka, wengine hushindwa na asidi.

Chachu iliyoiva utaijua. Juu hutengana maji membamba ya rangi ya majivu, chini unga umetuama, na ukiingiza mwiko viputo vidogo hupanda kandokando kwa sauti kama ya soda iliyofunguliwa zamani. Harufu ni ya maziwa lala, kali lakini safi. Ukiweza kupata karatasi za kupimia asidi kwenye duka la vifaa vya maabara, chovya moja: unataka 4 au chini ya hapo.

Ikinuka yai viza, mwaga. Ikiota doa la kijani, jeusi au la waridi juu, mwaga yote na uoshe chombo kwa maji moto, usikwangue doa ukaendelea. Utando mweupe mwembamba ni wa hamira za porini, mtu mzima hawezi kudhurika kwa kawaida, ila kwa uji wa mtoto naanza upya.

Hatua ya tano: chachusha unga wa kula

Kwa kilo moja ya unga, ambayo ni kama nusu gorogoro, tumia lita mbili za maji yaliyochemshwa yakapoa, na kikombe kimoja cha chachu iliyoiva. Koroga mpaka madonge yaishe. Funika. Kisumu, Busia na kwingine kwenye joto, saa 24 hutosha kwa uchachu, ila mimi ningeacha hadi 48, kwa sababu bakteria huzidi kuongezeka na sumu hupata muda wa kushikwa. Nakuru hesabu siku mbili hadi tatu. Mtoto asiyezoea uchachu mwingi, mwanzishe na ya saa 24, umpandishe polepole.

Kabla ya kupika, mwaga yale maji ya juu yaliyotengana, kisha ongeza maji mapya kiasi hicho hicho. Fumonisini inayeyuka kwenye maji, na hapo sehemu yake inaondoka. Aflatoksini haiyeyuki hivyo, hiyo tunawategemea bakteria waliotuama chini pamoja na unga, kwa hiyo mwaga taratibu. Maji hayo usimpe kuku wala nguruwe.

Toa kikombe kimoja cha rojo kabla hujaongeza maji mapya, kiweke kando. Hicho ndicho chachu ya mara ijayo. Kwenye friji hukaa wiki moja. Bila friji, ilishe kila siku mbili kwa kijiko cha unga na maji kidogo.

Kuhusu kimea: wengi huku huongeza kimea cha wimbi ili uji uwe mwepesi na mtamu, nami naupenda. Lakini kimea ni nafaka iliyokaa na unyevu siku mbili tatu kwa makusudi, na kuvu haisubiri kualikwa. Osha wimbi mara kadhaa, badilisha maji ya kulowekea, tandaza tabaka jembamba, na ukishaona vimizizi anika siku hiyo hiyo. Vimizizi ni vyeupe na kila kimoja kimetoka kwenye punje yake. Nyuzi laini zinazounganisha punje nyingi pamoja ni ukungu, na hicho si kimea tena.

Hatua ya sita: pika

Chemsha maji hadi yatokote, mimina rojo ukikoroga bila kuacha, kisha punguza moto uive kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Sukari weka mwishoni na kidogo. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji uji wowote, anahitaji maziwa ya mama.

Uji huu hausaidii ugali. Watu wengi hapa hula ugali mara mbili kwa siku, na unga wake hauchachushwi, kwa hiyo hatua ya kwanza hadi ya tatu ndizo kinga pekee ya sahani hiyo.

Kuhusu dawa ya shambani

Wakulima huuliza kama Aflasafe ndiyo bakteria hawa. Hapana. Aflasafe KE01 ni kuvu, aina ya Aspergillus isiyotengeneza sumu, iliyobebwa kwenye punje za mtama zilizokaangwa. Hunyunyizwa shambani kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, ardhi ikiwa na unyevu, ili ikalie nafasi ya kuvu yenye sumu. Inapunguza aflatoksini, ila fumonisini haiigusi. Kwa hiyo Magharibi haiwezi kuwa kinga yako yote. Afisa wa kilimo wa wadi au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO watakuelekeza inakopatikana.

Mahindi uliyoyakataa

Usiyauze, usiyape kuku, na bata ndio kabisa, hufa upesi kwa aflatoksini. Usiyapeleke kwa mpika busaa au chang'aa ukidhani kuchacha kutayasafisha. Ng'ombe, nimeshasema. Chimba shimo mbali na kisima, uyafukie. Unapoyashika funga kitambaa puani, maana vumbi la kuvu huingia mapafuni, kisha nawa mikono na uoshe ungo kwa sabuni kabla hujaurudisha kwenye mahindi mazuri.